Pembe za Shamba

Mjukuu wangu alikula mbegu tatu. Idadi naijua kwa sababu asubuhi tuliokota maganda chini ya ua, meusi, yamepasuliwa kwa meno, kiini hakuna. Alikuwa na miaka sita. Baadaye alisema zilikuwa na utamu kama wa njugu. Usiku kucha alitapika na kuhara, macho yakazama, na kabla hakujapambazuka tukampakia kwenye bodaboda, mama yake nyuma amemkumbatia, hadi hospitali mjini Bungoma. Wakamtundikia maji. Siku ya pili jioni akaomba chai.

Tuliporudi, mke wangu hakungoja nivue viatu. "Mzee, huo ua ung'oe."

Sikuung'oa. Imepita miaka minane, ua ungalipo, na mjukuu sasa ananizidi urefu. Mke wangu hajalirudia neno lile, lakini kila akipita pale na ndoo huutazama ua, kisha hunitazama mimi. Najua nadaiwa jibu.

Kazi yangu ni kusaga. Kinu changu cha posho kiko soko la Myanga, katika eneo la Bumula, kati ya mji wa Bungoma na mpaka wa Malaba. Injini ni Lister ya silinda moja, mzee mwenzangu, imefungwa kwa boliti juu ya saruji, na huwashwa kwa kupigwa hendeli. Ufundi wake nilijifunza ujanani kule Kitale, kwenye mashamba makubwa ya mahindi, ambako injini ya aina hii ilisukuma maji mchana na kutoa taa usiku. Kila asubuhi, kabla sijagusa hendeli, nachovya kijiti kwenye tangi. Kijiti nimekichonga mwenyewe na kukitia alama kwa kisu, kila alama lita moja. Siku yenye wateja wengi injini hunywa lita nane. Hesabu hiyo naijua kuliko siku za kuzaliwa za watoto wangu, na nakiri hilo kwa aibu kidogo.

Dizeli yenyewe naiona inavyopita. Malori ya matangi huenda Malaba mchana na usiku, yakipeleka Uganda na mbele yake mafuta yaliyoshushwa Mombasa. Mimi nanunua tone tu la mto ule. Lakini bei ya mto ikipanda kule usikokujua, mama wa hapa Myanga mwenye gorogoro mbili za mahindi ndiye hurudi nyumbani na moja isiyosagwa, akaitwange au aichemshe nzimanzima.

Ndiyo sababu mwaka 2008 nilisikiliza.

Ulikuwa mwaka wa tohara, vijana wanazunguka na kengele za mkononi kualika jamaa, ndiyo maana naukumbuka. Mwezi Julai pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147 katika soko la dunia. Wakati huo huo wakaja watu wenye gari safi, wakakusanya wakulima kwenye uwanja, wakatuonyesha mbegu nyeusi. Mmea huu, walisema, hauliwi na ng'ombe, hauhitaji mbolea, hustawi kwenye ardhi iliyochoka, na mbegu yake ina mafuta yanayoendesha injini. Sisi tutauza mbegu kwenu, ninyi mtatuuzia mavuno. Waliuita dhahabu ya kijani. Jina la kitaalamu walilosema ni jatrofa. Dereva mmoja wa lori kutoka Mwanza, aliyekuwa amesimama kunywa uji, akacheka aliposikia. "Hiyo kwetu tunaiita mbono kaburi, baba. Tunapanda makaburini."

Jina hilo halikunitoka. Mbono tunaujua: ni mbarika, ambao watu wa pwani huuita pia mnyonyo. Sasa huu ni mbono wa kaburi, mmea unaowekwa kuwalinda wafu kwa sababu mbuzi hathubutu kuuonja. Na watu hawa wanataka tuutoe kaburini tuulete shambani. Tangu hapa nikisema mbono, ni huu wa kaburi; ule wa zamani nitauita mbarika.

Jirani yangu akakubali kwa moyo wote. Aliondoa mahindi kwenye ekari moja, tena ile ya chini karibu na mto, akapanda mbono kaburi kwa mistari kama alivyoelekezwa. Mimi, kwa woga zaidi kuliko hekima, nilichomeka vipandikizi kuzunguka boma tu, mita 140 za ua. Mwaka uliofuata mahindi yakaadimika nchi nzima na bei ikaruka. Jirani alikuwa na ekari ya kijani isiyoweza kuingia kwenye sufuria. Mwaka wa tatu akavuna magunia mawili. Alipokwenda mjini kuwatafuta wale wanunuzi, ofisi ilikuwa imegeuka duka la simu. Aling'oa vyote kwa jembe na shoka, na mpaka leo visiki vingine huchipua katikati ya mahindi yake.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia, kabla hata ya mjukuu kula zile mbegu. Mimi ni mzee wa Kanisa la Friends, lile lililoletwa Kaimosi na wamishonari mwaka 1902, na kukaa kimya mbele ya Mungu ni sehemu ya urithi wetu. Lakini kabla ya wamishonari, babu zetu Wabukusu walimwita Mungu Wele Khakaba. Jina hilo hubeba kugawa. Mungu ni mwenye kugawa: huyu mpe mvua, yule mpe ng'ombe, huyu mpe maneno. Basi kama Mungu ni mgawaji, fungu hili la mafuta aliyoyafungia ndani ya sumu alimgawia nani? Na je, kitu kisicholiwa na mtu wala mnyama kina haki gani ya kuchukua udongo?

Jibu la kwanza nililipata kwa marehemu mama yangu, ingawa hakuwahi kuulizwa. Alikuwa akikaanga mbarika kwenye kigae, anazitwanga, anazitia kwenye maji yanayochemka, kisha anakaa na kikombe akiengua mafuta yanayopanda juu kidogo kidogo. Kazi ya siku nzima kwa chupa moja. Mafuta yale yalilainisha ngozi ya kigoda, yaliziba nyufa za visigino vya baba, yalinyamazisha ekseli ya mkokoteni. Hayakuingia kwenye mboga hata tone. Makapi aliyafukia mbali, kuku wasiyafikie, kwa sababu sumu ya mbarika, iitwayo risini, hubaki kwenye makapi wakati mafuta yanatoka safi. Mama hakujua jina la risini, lakini alijua mahali pa kufukia. Kwake mgawanyo ulikuwa wazi: kuna mafuta ya tumbo na kuna mafuta ya vitu. Vitu navyo vina njaa yake. Ekseli hulia, ngozi hukauka, taa huzimika.

Baadaye nilijifunza kwamba mama alikuwa na wenzake wengi. Ndege za vita vya kwanza vya dunia, zile ambazo injini nzima huzunguka pamoja na pangaboi, zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, na jina la Castrol lilitokana na jina la Kiingereza la mmea huo huo. Mbarika huingia kwenye rangi, sabuni, vipodozi, hata nailoni ya aina fulani ambayo Wafaransa huitengeneza kutokana nayo. Na injini ya mzee Diesel yenyewe, katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Kwa hiyo injini hazikufungwa kwenye kilichochimbwa ardhini peke yake. Hufundishika.

Nami nikataka kuifundisha yangu upya. Nina mwenzangu wa rika moja, tulitahiriwa mwaka mmoja, aliyefundisha kemia sekondari hadi alipostaafu. Namwita Mwalimu, naye huniita Fundi, kila mmoja akimwekea mwenzake heshima ambayo wake zetu hawatuwekei. Tulikamua mbegu za ua kwa kikamulio cha mpini mrefu, cha aina iliyobuniwa kule Arusha miaka ya 1980 kwa ajili ya alizeti. Unaning'inia kwenye mpini kwa uzito wako wote, na mafuta yanachuruzika kama kamasi ya mtoto. Tulihitaji zaidi ya kilo nne za mbegu kupata lita moja.

Mafuta hayo ni mazito mno kwa injini, akasema Mwalimu, lazima tuyapasue. Akachora kwenye vumbi la unga juu ya meza. "Tazama, Fundi. Mafuta ya mmea ni mguu wa kuku. Vidole vitatu vya asidi, na kiganja kimoja cha gliserini kinavishika pamoja. Tukitia methanoli na kostiki soda kidogo, kila kidole kinaachana na kiganja na kwenda zake. Vidole ndivyo dizeli. Kiganja kinazama chini."

Tulipima, tukapasha moto, tukakoroga, tukafunika ndoo na kwenda kulala kama watoto wanaongoja Krismasi. Asubuhi ndoo haikuwa na tabaka mbili. Ilikuwa na kitu kimoja, kizito, cha rangi ya maziwa ya mgando. Mwalimu akachovya kidole, akakisugua kwa maji, povu likatoka.

"Sabuni," akasema.

Mbegu zetu zilikuwa zimelala ghalani misimu miwili. Katika kulala, vidole vingi vilikuwa vimeachana na kiganja vyenyewe, mafuta yakachacha, na kostiki ilipokutana na vidole vile vilivyozagaa ikavigeuza sabuni badala ya kufanya kazi tuliyoituma. Tulicheka hadi Mwalimu akakaa chini. Lakini sabuni ile ilitoa grisi ya injini mikononi mwangu kwa namna ambayo sabuni ya dukani haijawahi. Kule Arusha walishajua hilo zamani: sabuni ya mbono huuzwa kwa bei nzuri kuliko mafuta ya mbono. Tulikwenda kutafuta moto, mmea ukatupa maji ya kunawa. Nilikaa na jambo hilo ibadani Jumapili nzima na sikusikia mahubiri.

Baada ya hapo tuliacha kemia. Nilijifunza njia ya kifundi: unayachuja mafuta kwa kitambaa kizito mara tatu, unayaacha yatulie wiki mbili, unaiwasha Lister kwa dizeli mpaka ipate moto, ndipo unafungulia mafuta ya mbono. Yakipata joto hulegea na kupita. Lakini kabla hujazima, lazima urudi tena kwenye dizeli na kuiacha iunguruke dakika kumi, la sivyo mafuta yataganda kwenye pampu na nozeli, na kesho utapiga hendeli hadi bega lichomoke. Nilijifunza hilo kwa bega.

Sasa hesabu. Ua wangu wa mita 140, mwaka mzuri, hunipa kilo 40 za mbegu. Kilo 40 hunipa lita tisa. Injini yangu hunywa lita nane kwa siku. Mwaka mzima wa ua ni siku moja ya kinu.

Nilipofika kwenye jibu hilo nilidhani nimekosea, nikarudia kwa kijiti changu. Sikukosea. Na ukitaka kinu kisage mwaka mzima kwa mbono, itabidi ua uwe mamia ya nyua, na nyua zikiwa mamia si ua tena, ni shamba. Na shamba hilo litatoka wapi, kama si pale kwenye mahindi yaliyokuja kusagwa? Kinu kitakuwa kimekula kazi yake chenyewe.

Hapo nikaelewa udanganyifu uliokuwa ndani ya yale maneno ya 2008. Walisema mmea hauliwi, kwa hiyo haushindani na chakula. Ni kweli mbegu hailiwi. Lakini udongo unaliwa, mvua inaliwa, siku za mkulima zinaliwa. Mmea usiolika ukisimama kwenye ekari ya mahindi umekula mahindi, hata kama hauna mdomo.

Mwalimu akaniletea ripoti iliyotolewa Desemba 2009, kazi ya shirika la Wajerumani GTZ pamoja na taasisi yetu ya utafiti wa misitu KEFRI, kituo cha kilimo mseto kilichoko Nairobi, na kampuni ya Endelevu Energy. Walikuwa wamewazungukia wakulima wa mbono nchini na kupima mavuno yao halisi. Hitimisho lao, ukiondoa majedwali, ni hili: kama zao la shamba mmea huu haumlipi mkulima mdogo, na mahali pekee panapoufaa ni kwenye ua.

Kwenye ua! Nilisoma mstari huo nikiwa nimesimama mlangoni mwa kinu, na kilichonijia kichwani ni Kitabu cha Walawi. Sura ya 19 inamwamuru mkulima asivune pembe za shamba lake, awaachie maskini na mgeni. Nimekisikia kifungu hicho tangu Sunday school na sikuzote nilikichukua kama amri ya sadaka. Siku hiyo nilikiona kama ramani. Shamba lina katikati na lina pembe. Katikati ni yako, ule, uuze, usomeshe watoto. Pembeni sheria inabadilika. Pembe ni mahali ambapo jasho ni lako na mavuno si yako yote. Nikajisemea: Wele Khakaba ameugawia mbono pembe. Mafuta ya vitu yamee kwenye mpaka, mafuta ya tumbo yamee katikati, na mgawanyo wa mama yangu wa sufuria na ekseli umeandikwa juu ya ardhi.

Nilifurahia wazo hilo karibu mwaka mzima. Nililitolea ushuhuda kanisani. Lilikuwa na kasoro mbili, na zote mbili nilionyeshwa na wengine.

Ya kwanza ni hii: nani anasema wapi ni pembeni? Kule Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Waingereza iitwayo Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11 ili kulima mbono. Mwaka 2011 mradi ukafa, wafanyakazi wakaachishwa kazi, na wanakijiji wakabaki bila ardhi na bila ule mshahara walioahidiwa. Huku kwetu, katika msitu wa Dakatcha nyuma ya Malindi, kulipangwa hekta 50,000 za mbono, mpaka wenyeji na wahifadhi wa ndege walipopinga na mradi ukakwama. Katika karatasi za maombi, ardhi za namna hiyo huitwa ardhi duni, ardhi isiyotumika, ardhi ya pembeni. Kwa aliyeko London au Milano, Dakatcha ni pembe ya dunia. Kwa Mgiriama anayeishi pale, na kwa kwera wa Clarke, ndege mdogo asiyepatikana nje ya kaunti ile ya Kilifi, pale ni katikati kabisa. Torati haikumpa mtu ruhusa ya kwenda kuhesabu pembe za shamba la mwenzake.

Mambo hayo hayajaisha. Mwaka 2022 kampuni ya Italia, Eni, ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu kule Makueni, na Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta iliondoka Mombasa kwenda kiwanda cha Gela, Sicily, kugeuzwa mafuta ya magari na mitambo. Mbarika ya mama yangu sasa inapanda meli. Wanasema wakulima wanaipanda pale ambapo chakula hakistawi. Mimi si mtu wa kubisha nisichokiona. Lakini ningekuwa mzee wa kijiji kule ningetembea kila msimu na kijiti changu, nikapime kama mbarika bado iko pembeni au imeanza kusogea. Ukingo una tabia ya kusogea. Nina majirani wawili walioacha kusalimiana kwa sababu ya ua uliosogea futi tatu katika miaka ishirini, na hakuna aliyeusukuma.

Kasoro ya pili ilikuja kinuni kwangu, imebeba gorogoro mbili za mahindi.

Ni mama mjane wa hapa karibu, umri wangu. Nilikuwa nimejaa wazo langu, nikamwambia kwa ukarimu mkubwa: "Mama, mbegu za ua wangu upande wa barabara zichume wewe, utengeneze sabuni. Ni pembe za shamba, kama Maandiko yalivyosema."

Akanitazama, akaweka ndoo chini taratibu. "Mzee, Maandiko yalisema zile pembe ziachwe na ngano. Hayakusema ziachwe na sumu."

Watu wote kwenye foleni walisikia. Sikuwa na la kujibu, nikaenda kukaza mkanda wa injini ambao haukuwa umelegea.

Ruthu aliokota shayiri ileile iliyoingia ghalani kwa Boazi. Hakupewa kilichomshinda mwenye shamba. Nilichokuwa nimefanya ni kuchukua amri ya kugawana chakula na kuigeuza kuwa amri ya kugawana makapi, huku mahindi yangu ya katikati yamebaki yote kwangu. Nafikiri kosa hilo si langu peke yangu. Tukisema mmea fulani ni baraka kwa maskini kwa sababu humea kwenye ardhi mbovu, mara nyingi tumeshakubaliana kimya kimya kwamba ardhi mbovu ndiyo fungu la maskini.

Kuna mmea mwingine katika Maandiko ninaourudia tangu siku ile. Yona alipokasirika kwa sababu Mungu ameusamehe mji wa Ninawi, alitoka nje akaketi mashariki ya mji, na Mungu akaotesha mmea wa kumfunika kichwa. Biblia yetu ya Kiswahili inauita mtango. Kiebrania ni kikayoni, na wataalamu wengi wanasema ni mbarika, ule ule wa mama yangu, wenye majani kama kiganja kilichofunguliwa na haraka ya kukua. Hata mababa wa Kanisa waligombana juu yake. Mwaka 403 Augustino alimwandikia Jeromu kwamba kule Oea, Tripoli ya leo, waumini nusura wamkimbie askofu wao kwa sababu tafsiri mpya ya Jeromu ilikuwa imeubadilisha mmea huo jina.

Ninachokiona mimi msagaji ni kwamba Yona hakula tunda lake hata moja, wala hakuwasha taa kwa mbegu yake. Alipata kivuli. Mmea ulikuwa mwema kabla haujatumika kwa lolote, na ulimea nje kidogo ya mji, pembeni. Kisha mdudu akaukata na Yona akataka kufa kwa uchungu. Hapo Mungu akamwambia, kwa ufupi: unauhurumia mmea usioutaabikia, nami nisiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wao tele? Hakuudharau mmea. Aliuweka kwenye mizani pamoja na mji, na Yona akaachwa aone mwenyewe upande ulioshuka.

Basi hili ndilo jibu ninalompa mke wangu, kama atakubali jibu refu namna hii. Ua sikuung'oa kwa sababu haukukosa. Sumu yake ndiyo kazi yake: kwa miaka yote hii hakuna mbuzi aliyepita, na mpaka wetu haujasogea kwa sababu naupogoa kila Januari pande zote mbili, upande wa jirani kwanza. Aliyekosa ni mimi, niliyemwacha mtoto wa miaka sita bila kumfundisha. Sasa nawafundisha wote, na matawi ya chini nimeyakata hadi kimo cha kiuno. Na mafuta yake nayatumia, lakini mbegu za ua ni za vitu, na fungu la mjane litoke kwenye unga.

Ndiyo maana mwaka jana, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, nilisaga bila kutoza. Nilitangaza kanisani kwamba lita tisa za ua zitasagia wajane na wazee. Nikaiwasha Lister kwa dizeli, ikapata moto, nikafungulia mbono. Moshi ulikuwa mweupe kidogo na wenye harufu ya njugu zilizoungua. Mwalimu alikaa mlangoni akiandika majina. Yule mama alikuja wa nne, na debe zima safari hii, wala hakusema kitu, wala mimi sikusema kitu.

Saa tisa alasiri nilichovya kijiti kwenye mafuta ya mbono, kikatoka kikavu mpaka alama ya mwisho. Kwa mjane wa Elisha mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Kwangu mafuta yalikoma, na vyombo vilikuwa vimebaki: ndoo tatu, zimepangwa ukutani, na wenyewe wameketi kando yake.

Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye daftari. Injini ilikuwa imeanza kukohoa, na vyovyote vile ilipaswa kumaliza kwa dizeli. Nikafunga bomba la mbono, nikafungua lile jingine, nikampa kijana jerikani na noti kutoka mfukoni mwangu, nikamwambia akimbie kwenye kituo cha mafuta kabla ile iliyobaki tangini haijaisha.